Kwa nini gari langu la plastiki linaonekana kama kitu cha kuchezea?

Swali: Nimemaliza kuunda gari langu la pili la plastiki, la skeli ya 1/24, yaani dogo mara 24 kuliko gari halisi. Bodi niliipiga praima (rangi ya msingi) ya kijivu, kisha rangi nyekundu ya kopo la kupuliza tabaka tano mpaka kijivu kikapotea, halafu vanishi tabaka tatu. Nilikata kidogo kwenye springi ili likae chini, nikalifunga rimu kubwa nilizotoa kwenye seti nyingine. Linang'aa sana, lakini kila nikilitazama naona kitu cha kuchezea mtoto, sioni gari. Rafiki yangu anasema kosa ni rangi ya kopo, ninunue kompresa na brashi ya hewa. Ni kweli? Na hili nililonalo linaokoleka?

Jibu: Linaokoleka, nitalifikia mwishoni. Kompresa usinunue kwanza. Kopo likitumiwa vizuri linatoa bodi safi kabisa, na brashi ya hewa ikitumiwa vibaya inatoa ngozi ya chungwa ileile, yaani uso wenye vinundu, kwa gharama kubwa zaidi. Katika maelezo yako kilichonishtua ni hesabu ya tabaka: praima, rangi tano, vanishi tatu. Hapo ndipo gari lilipopotelea.

Chochote unachokiweka kwenye modeli ya 1/24, kizidishe kwa 24 ndipo ujue jicho linaona nini. Rangi ya kiwandani kwenye gari halisi, ukijumlisha praima, rangi yenyewe na vanishi, huwa na unene wa takriban mikroni 100 hadi 150, yaani kama sehemu moja ya kumi ya milimita. Kwa skeli yako hiyo ingekuwa mikroni nne hadi sita, unene ambao hakuna mkono wa mtu unaoufikia. Sasa tuseme tabaka zako tisa kwa pamoja zimefika mikroni 100. Mara 24, ni milimita 2.4. Gari halisi lililopakwa rangi nene kiasi hicho lingekuwa na kona za mviringo, mistari ya milango iliyojaa na maandishi ya nyuma yasiyosomeka. Hujawahi kuliona gari kama hilo barabarani, ndiyo maana jicho lako linakataa kuliita gari hata kama huwezi kusema kasoro iko wapi.

Chukua mstari wa mlango peke yake. Kwenye gari halisi pengo kati ya mlango na bodi huwa milimita tatu hadi tano. Ukigawa kwa 24 unapata kati ya milimita 0.12 na 0.2. Rangi ikiingia kwenye mfuo mwembamba namna hiyo inajenga kuta pande zote mbili na kuinua sakafu yake, na mlango unabaki kama umechorwa kwa penseli. Vanishi ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu ni nzito, hujikusanya mfuoni, na kwa kuwa haina rangi huioni mpaka ishakauka.

Kwa nini ulihitaji tabaka tano za rangi? Kwa sababu ya praima ya kijivu. Nyekundu, njano na rangi nyingi za machungwa hazifuniki. Mwanga hupita ndani yake na kurudi na kile kilicho chini. Juu ya kijivu nyekundu inafifia, nawe unaendelea kupuliza ukisubiri ing'ae. Juu ya praima nyeupe, au bora zaidi ya waridi, rangi ileile inashika kwa tabaka mbili nyepesi na moja iliyolowa, yaani nzito kidogo inayotulia kama maji. Hapo umeokoa karibu nusu ya unene wa rangi kabla hujajifunza ufundi wowote mpya. Ila kama plastiki yenyewe ni nyekundu na wewe unataka gari jeupe au la njano, uwe mwangalifu: rangi ya plastiki nyekundu huyeyukia kwenye tabaka za juu na kutokeza waridi siku kadhaa baadaye. Tabaka jembamba la fedha chini ya praima kwa kawaida huizuia.

Kabla ya praima kuna kazi ambayo wengi huiruka kwa haraka ya kuona rangi. Osha bodi kwa sabuni ya vyombo, maana plastiki hutoka kwenye kalibu, chombo kilichoipa umbo, ikiwa na mafuta ya kuachia. Kisha iinamishe kwenye mwanga utafute mistari ya kalibu, ile michirizi myembamba inayobaki pale vipande viwili vya kalibu vilipokutana. Hupenda kupita juu ya madigadi na kwenye nguzo za paa. Ikwangue kwa mgongo wa kisu, umalizie na msasa namba 600 kisha 1000. Gari halisi halina mshono katikati ya madigadi, na hakuna rangi itakayouficha. Inayong'aa huuonyesha zaidi. Baada ya hapo pitisha mgongo wa kisu ndani ya kila mfuo wa mlango, boneti na buti, mara kadhaa kwa mkono mwepesi bila kukandamiza, mpaka mfuo uwe na kina karibu mara mbili ya ulivyotoka kiwandani. Usiupanue. Unachimba akiba ya rangi itakayoingia humo.

Sasa kupuliza. Liweke kopo kwenye maji ya uvuguvugu, kama nyuzi 40, kwa dakika chache. Rangi inakuwa nyepesi, shinikizo linapanda kidogo, na inatoka kama ukungu badala ya matone. Jiko na maji ya moto usiyaguse; kopo lenyewe limeandikwa lisipite nyuzi 50, na onyo hilo si la mapambo. Anza kupuliza nje ya bodi, pita juu yake kwa mwendo mmoja, umalizie nje upande wa pili, kwa umbali wa sentimita 20 hadi 25. Ukiwa mbali mno rangi inakauka hewani na kutua kama mchanga, na hiyo ndiyo ngozi ya chungwa ya watu wengi; wao hudhani wamepuliza kidogo mno, wakaongeza tabaka. Ukiwa karibu mno au ukisita katikati, inachuruzika. Tabaka la kwanza elekeza kwenye kingo: mdomo wa boneti, ukingo wa madigadi, nguzo za madirisha. Rangi iliyolowa hujivuta kutoka kwenye kona kali, kwa hiyo kona zikipata ukungu wake mapema, hutalazimika kuifurikisha bodi nzima baadaye ili kufunika nyuzi mbili za plastiki iliyo wazi.

Siku ya mvua au unyevu mwingi acha kabisa. Thina inapovukiza kwa kasi inapoza uso wa rangi, unyevu wa hewani unaganda pale, na rangi inatoka na utando wa maziwa.

Vanishi haina ulazima kila mara. Kama rangi yako yenyewe ni ya kung'aa na imetulia vizuri, unaweza kuisugua na kuing'arisha bila vanishi. Vanishi inastahili pale penye stika za maji (zinazolowekwa kabla ya kubandikwa) zinazohitaji kufunikwa, au penye rangi ya metali ambayo haitakiwi kusuguliwa. Hata hapo, mbili nyepesi na moja iliyolowa inatosha, na zile nyepesi zitangulie, kwa sababu vanishi ya thina kali ikimwagwa mara moja juu ya stika huikunja. Stika nayo iwekwe juu ya uso unaong'aa, kwani kwenye uso usiong'aa hewa hunaswa chini yake na pembeni panakuwa na rangi ya fedha.

Kung'arisha ndiko kunakoleta tofauti kubwa kuliko kifaa chochote utakachonunua, na ndiko kunakoharibu kazi nyingi pia. Kwanza subiri. Weka pua karibu na bodi. Kama bado inanuka thina, haijakauka hata kama haishiki kidole. Rangi za laka huwa tayari baada ya siku chache, za enameli zinaweza kuchukua wiki. Halafu sugua kwa msasa namba 2000 uliolowa, tone la sabuni ndani ya maji, kwenye sehemu pana tu: paa, boneti, milango. Kingo zote na mikunjo ya bodi zifunike kwa ukanda mwembamba wa tepu ya karatasi, maana huko rangi ni nyembamba zaidi na pigo moja linafika kwenye praima. Panda hadi 3000 au zaidi, ndipo utie dawa ya kung'arishia kwa kitambaa laini. Unga mweupe unaobaki mifuoni utoe kwa mswaki laini uliolowa. Ukisugua namna hii unapunguza unene na kuongeza mng'aro kwa pamoja, jambo ambalo vanishi ya tatu haiwezi kamwe.

Neno moja kuhusu rangi za metali, kwa kuwa najua utazitaka kwenye gari lijalo. Chembe zinazometameta kwenye rangi ya gari halisi, hata zikiwa na mikroni 20 tu, zikiwekwa kwenye modeli yako zinasomeka kama chembe za nusu milimita. Ndiyo maana rangi ya dukani ya kurekebishia gari la kweli, ingawa jina na msimbo wake ni sahihi kabisa, huifanya modeli ionekane imemwagiwa pambo. Tafuta rangi iliyotengenezwa kwa ajili ya modeli, yenye chembe laini. Usahihi wa msimbo wa kiwandani hauna maana kama chembe ni kubwa.

Tuje kwenye kulishusha gari na rimu ulizobadilisha. Kuchanganya seti si uhuni. Ni asili ya mchezo huu. Kampuni ya AMT ya Marekani ilipoanza kuuza seti zake za magari mwaka 1958, kila boksi lilikuja na vipande vya kuunda gari kwa namna tatu: la kawaida, la kurembwa, au la mashindano. Vipande vilivyobaki ndivyo vilivyozaa makopo ya mabaki ambayo kila mjenzi anayo. Angalia tu skeli. Seti nyingi za Marekani ni 1/25, za Japani kama za Tamiya kwa kawaida ni 1/24. Tofauti ni ndogo lakini kwenye rimu inaonekana: rimu ya inchi 17 ina kipenyo cha milimita 18 kwenye 1/24, na milimita 17.3 kwenye 1/25. Chukua rula upime, usiamini boksi.

Kukata springi peke yake ndiko kulikokuponza, nadhani. Milimita mbili unazokata ni kama sentimita tano kwenye gari halisi, kwa hiyo kosa la nusu milimita upande mmoja linainamisha gari zima, na tairi moja inabaki hewani. Liweke gari lako juu ya kipande cha kioo bapa usukume karatasi chini ya kila tairi. Utajua mara moja. Njia salama ni kutogusa springi kabisa mpaka uwe umejua kimo unachokitaka. Funga bodi, chesisi na magurudumu kwa tepu bila gundi, weka vipande vya kadibodi chini ya chesisi mpaka kimo kikupendeze, kisha pima umbali kati ya kitovu cha gurudumu na ukingo wa madigadi, mbele na nyuma, kushoto na kulia. Namba hizo ndizo unazozijenga. Kata kipini kinachobeba gurudumu, ukihamishe juu kwa kiasi ulichopima, ukiimarishe kwa kipande cha waya wa chuma kilichoingizwa kwenye tundu, kwa sababu gundi peke yake haitabeba.

Halafu tazama madigadi yenyewe. Plastiki ya bodi huwa na unene wa milimita moja hadi moja na nusu. Zidisha: gari lako lina ukingo wa madigadi wenye unene wa sentimita mbili na nusu hadi tatu na nusu. Tairi ikiwa mbali ndani ya madigadi unene huo hauonekani, ila ulipolishusha gari na kuweka rimu kubwa, macho yote yanaenda palepale. Ukwangue ukingo kutoka ndani, kwa mshazari, mpaka ncha inayoonekana iwe nyembamba. Nje usiguse kitu. Kazi hii inachukua muda mfupi, na tairi inapata nafasi ya kupanda bila kugusa. Ukinilazimisha nichague jambo moja la kufanya kwenye gari lililoshushwa, ni hili, kabla ya rangi na kabla ya rimu.

Vioo vina kasoro hiyohiyo. Kioo cha mbele cha gari halisi kina unene wa milimita tano hivi, sawa na 0.2 kwenye modeli. Cha seti mara nyingi kinakaribia milimita moja, na ukikitazama kwa pembeni kinafanana na kioo cha benki kinachozuia risasi. Wenye subira hukata vioo vipya kwenye karatasi ngumu angavu ya milimita 0.2. Usipotaka kwenda huko, paka ukingo wa kioo rangi nyeusi. Unene unapotea machoni. Kibandike kwa gundi nyeupe ya mbao. Gundi ya papo hapo hutoa mvuke unaotua kwenye kioo na kukiachia ukungu mweupe.

Vitu vidogo vilivyobaki nitavipita haraka. Tairi zisiwe nyeusi tii. Sugua sehemu inayogusa barabara kwa msasa mpaka iwe ya kijivu. Mifuo ya milango itiwe rangi nyembamba ya enameli, lakini kwenye gari jekundu tumia kahawia iliyokolea, kwani nyeusi hutenganisha mlango na bodi kama katuni. Vipande vya kromu vya kiwandani hung'aa kupita chuma chochote na vina kovu pale vilipokatwa kwenye fremu, ile miti ya plastiki inayoshikilia vipande vya seti. Dawa ya kufulia nguo nyeupe, yenye klorini, huyeyusha kromu hiyo ndani ya muda mfupi, nawe unaweza kupaka upya. Ila vikombe vya taa viache kama vilivyo. Kuhusu vumbi na kutu za kupaka, ambazo siku hizi kila mtu anazipaka kila mahali, maoni yangu ni kwamba hutumika mara nyingi kuficha bodi mbaya.

Na pumua vizuri. Thina za kopo si za chumba kilichofungwa. Vaa barakoa yenye kichujio cha mvuke wa kemikali, maana ile ya vumbi haizuii mvuke. Vanishi za gari halisi za kuchanganya na kigumishi usiziguse nyumbani kabisa. Zina aisosaianeti, kemikali inayodhuru mapafu, na pumu inayotokana nazo huenda isipone hata ukiacha kupuliza.

Sasa hili ulilonalo. Kama limekaushwa vizuri na mifuo bado inaonekana kidogo, jaribu kwanza kuisugua vanishi kama nilivyoeleza. Huenda ukashusha unene wa tabaka moja hadi mbili, uchimbe mifuo kwa uangalifu, ukaridhika. Mimi ningelivua. Toa vioo, taa na kila kipande cha kromu. Rangi nyingi za laka na akriliki za modeli huachia ndani ya alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi. Zamisha bodi kwenye chombo chenye kifuniko, saa kadhaa au usiku kucha, mbali na moto, kisha isugue kwa mswaki ukiwa na glovu. Jaribu kwanza kwenye kipande cha fremu ulichokipulizia rangi ileile. Thina ya laka na asetoni zisikaribie, zitayeyusha bodi pamoja na rangi. Praima inaweza kubaki kwenye pembe. Ikiwa laini na nyembamba iache. Ikishakauka, iangalie mistari ya kalibu ambayo sasa itajitokeza, ikwangue, chimba mifuo, punguza madigadi kutoka ndani, pima kimo upya kwa kadibodi, na safari hii anza na praima ya waridi.